Kopo la Maziwa Lisilo la Chai

Shemeji yangu alikuwa na mkono wa birika, lakini kwa dawa tu. Nyumbani angekupa shati lililo mwilini. Maabara, ukimwomba matone mawili ya kitu alikupa moja na nusu, kisha akakutazama kama umemwibia. Wanafunzi walimwita Robo Tone. Alilijua jina hilo na halikumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba wengi waliolitamka hawakuwa na uwezo wa kuipima hiyo robo.

Alimwoa mdogo wangu wa mwisho, na mimi ndiye niliyempeleka mdogo wangu kwake, kwa hiyo lawama zote za ndoa hiyo nimezibeba bila kulalamika. Nilikuwa mwosha vyombo wa maabara ileile kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye alikuwa fundi sanifu. Mimi shule niliishia darasa la saba, na kwenye sinki lile nimeona mambo ambayo wenye digrii tatu hawajayaona, kwa sababu wao hutazama karatasi, na mimi nilitazama kilichobaki kwenye chupa.

Kazi yake kwenye vitabu vya chuo ilikuwa kuandaa mazoezi ya mwaka wa tatu, yale ya kutafuta protini. Kazi yake ya kweli ilikuwa kuyafundisha, maana aliyelipwa kufundisha hakuwepo. Nitamfikia huyo.

Kwanza niseme alivyofundisha, maana watu humsifu mtu akishakufa na shemeji yangu yuko hai, anakula na kubisha. Wiki ya kwanza hakuna mwanafunzi aliyeiona protini. Aliwapa maji yenye rangi nyekundu na pipeta, akatandika karatasi nyeupe mbele ya kila mmoja. Kazi ni kuhamisha maji kutoka kichupa hiki kwenda kile. Tone likianguka kwenye karatasi, unaanza upya.

"Mzee, sisi tumekuja kusoma sayansi," kijana mmoja alimwambia, yule wa kunyoa nywele pembeni. "Hii ni kazi ya muuza sharubati."

"Muuza sharubati akimwaga anafukuzwa," alijibu. "Wewe ukimwaga unaandika ripoti. Anza upya."

Kulikuwa na binti aliyelia siku hiyo. Alimpa leso na pipeta safi, vyote kwa pamoja.

Baada ya hapo ndipo lilipokuja zoezi lenyewe. Nitalieleza kama alivyonieleza mimi nikiwa nasuuza, na nikalielewa, kwa hiyo na wewe utalielewa. Unachukua mchanganyiko wenye protini za kila aina, na ndani yake iko moja ya yai. Unazitembeza kwenye jeli kwa umeme, kubwa zinachelewa, ndogo zinatangulia. Unazihamishia kwenye utando mweupe kama karatasi. Sasa unataka kujua ile ya yai imekaa wapi. Unaleta kingamwili, ambaye hiyo ya yai ndiyo anayoifahamu, atakwenda kuishika, na ukitia dawa ya rangi utaona mstari mmoja wa kahawia, mwembamba kama uliochorwa kwa wanja.

Lakini kingamwili ana tabia moja mbaya. Akiona nafasi tupu kwenye utando, anakaa. Anakaa popote. Kwa hiyo kabla hajaja unauloweka utando kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yaliyokorogwa na maji ya chumvi, kwa saa nzima.

"Maziwa ni kama ndugu wa bi harusi, Shemeji," aliniambia. "Wanawahi, wanajaza viti vyote. Mgeni mwenyewe akifika hana pa kukaa ila pale palipoandikwa jina lake."

"Na ukisahau maziwa?"

"Anakaa kila mahali. Utando wote unakuwa kahawia. Hujui protini iko wapi, hujui haipo wapi. Umepoteza siku."

Hayo ndiyo niliyoyajua mimi, mwosha vyombo. Sasa tuje kwa Profesa.

Profesa alikuwa mkuu wa idara, na ndiye aliyekuwa mwenye somo. Nilimfahamu tangu akiwa mwanafunzi wa maabara hiyohiyo, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri ajabu. Walifanya kazi wawiliwawili. Mwenzake, binti mmoja mpole, alishika pipeta. Yeye alishika kalamu. Mwenzake aliloweka, akasuuza, akatia rangi. Yeye alikuja mwishoni, akauchora mstari kwenye daftari kwa rula, akapata alama za juu kuliko huyo binti. Nakumbuka, kwa sababu vyombo vyao niliviosha mimi, na alama za vidole kwenye chupa zilikuwa za mtu mmoja kila mara. Kisha akaenda ng'ambo akarudi na miwani na cheo. Binti sijui alikoishia.

Alifundisha hivi. Saa tatu asubuhi anaingia maabara, anazima taa, anaonyesha slaidi kwa robo saa. Hatua ya kwanza, jeli. Hatua ya pili, kuhamisha. Hatua ya tatu, kuzuia. Hatua ya nne, kingamwili. Taa zinawashwa. "Fundi atamalizia," anasema, anatoka. Kumalizia kwenyewe ni saa nne za kusimama. Miaka kumi na mmoja alifundisha hivyo, slaidi zilezile, mpaka kwenye moja kulikuwa na picha ya mashine ambayo tulikwisha kuitupa.

Mwaka ninaousimulia, utawala ulitoa waraka kwamba chai ya ofisi itakuwa chai tu. Majani na sukari, basi. Maziwa kila mtu ajinunulie. Ungedhani wamekatwa mikono. Walimu wazima, wenye vitambi na vyeti ukutani, walitembea kwenye korido na vikombe vya chai ya rangi kama watu waliofiwa. Ilichukua siku nne. Siku ya tano chai ikarudi nyeupe.

Siku hiyohiyo shemeji alifungua kabati lake akaona kopo limepungua.

Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, na ubavuni alikuwa ameandika kwa kalamu nene: KEMIKALI. SI YA CHAI. Alipiga mstari mahali unga ulipoishia. Baada ya siku tatu unga ulikuwa chini ya mstari vidole viwili. Akahamishia kopo kabati la chini, akafunga. Ufunguo wa akiba ulikuwa ofisini kwa katibu muhtasi wa Profesa. Mimi nilimwona katibu kwa macho yangu akikorogea maziwa kwenye jagi, na droo yake ina chupa ya jemu iliyojaa unga mweupe.

"Mwanangu, hayo si ya maabara?" nilimwuliza.

"Bibi, mimi nimetumwa," akasema, na alikuwa msema kweli. "Bosi kaniambia tafuta maziwa. Nikamwambia yako kwa Mzee Fundi. Akasema, fundi ana maziwa ya nini? Chukua."

Shemeji aliandika barua tatu kwa mkuu wa idara. Barua zake zilikuwa kama matone yake, fupi na zimepimwa. Zilirudi na neno moja pembeni: "Ifuatiliwe." Nani aifuatilie halikuandikwa.

Ukaja mtihani wa vitendo. Makundi manane, na mtahini kutoka chuo kingine, mama mfupi wa viatu bapa, asiyecheka na mtu. Asubuhi ya mtihani shemeji alifungua kabati akakuta kopo tupu, limekung'utwa, hata vumbi la kupaka ulimi halikubaki. Nilikuwa nyuma yake na trei ya vichupa. Aliligeuza juu chini mara moja, akaliweka mahali pake, akavua koti la kazi, akaenda ofisini. Nilimfuata na kisingizio cha taulo.

Profesa alikuwa amesimama dirishani na kikombe.

"Profesa, naomba mtihani uanze saa nane. Nikanunue maziwa."

"Maziwa?" Profesa alipuliza chai yake. "Bwana Fundi, tuna mtahini wa nje, tuna vijana thelathini na wawili wamesimama kwenye korido, na wewe unaniambia maziwa?"

"Ni ya hatua ya tatu."

"Hatua ya tatu ni kuzuia."

"Ndiyo, Profesa."

"Basi wazuie! Mimi slaidi zangu ninazijua. Hakuna ng'ombe hata mmoja mle ndani." Akacheka mwenyewe. "Kama kuna kitu kimepungua, mkiruke, muendelee."

Akanywa. Chai ilimwachia mstari mweupe juu ya mdomo. Shemeji aliutazama ule mstari muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasema, "Naomba uniandikie hilo la kuruka." Profesa akamwambia asimletee mambo ya mahakamani asubuhi asubuhi.

Waliruka. Saa kumi jioni tando nane zilitolewa kwenye trei, zote kahawia kutoka pembe hadi pembe, kama mikate iliyosahaulika kwenye oveni. Mtahini alizipanga mezani moja moja. Yule kijana wa sharubati alitazama ya kundi lake, akakaa chini sakafuni.

"Nani ameandaa?" aliuliza mtahini.

"Fundi wetu," Profesa akasema haraka, kabla ya kupumua.

Jumatatu barua ikatoka. Fundi sanifu anatuhumiwa kununua chakula chake binafsi kwa fungu la kemikali, na kuharibu mtihani kwa uzembe. Atafika mbele ya kamati Alhamisi. Akikutwa na hatia, kazi basi. Mwenyekiti wa kamati: Profesa.

Jioni hiyo mdogo wangu alinipigia simu, nikaenda. Nilimkuta mumewe mezani anamenya chungwa, ganda linashuka zima bila kukatika, na mke wake amesimama mbele yake mikono kiunoni.

"Mwambie, Dada! Mwambie huyu! Anasema Alhamisi atanyamaza."

"Unyamaze kwa nini, Shemeji? Umekula wewe hayo maziwa?"

"Nitasema hayakuwepo. Wakiniuliza yameenda wapi, sijui."

"Unajua! Mimi najua, katibu anajua, hata sinki linajua. Mstari ulikuwa mdomoni kwake!"

Aligawa chungwa, vipande sawasawa kwa watu watatu, na kilichozidi akakirudisha sahanini.

"Si hilo la kunywa, Shemeji," alisema mwishowe. "Kunywa, mtu anakunywa. Ni kwamba hajui maziwa ni ya nini. Profesa mzima. Nikisema mbele ya kamati yalikuwa ya kuzuia, watamtazama yeye, na itaonekana hajui. Na alijifunzia wapi? Kwangu. Mimi ndiye niliyemtilia sahihi kwamba amefanya zoezi."

"Na hakufanya."

"Nilijua hakufanya. Mwandiko ulikuwa mzuri."

Mdogo wangu akamwambia kwamba huo ni upumbavu uliovaa koti jeupe. Nikamuunga mkono. Mtu anafukuzwa kazi kwa kosa la mwizi, halafu anamhurumia mwizi asiaibike? Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu wajukuu zangu wanasoma. Alikula chungwa lake. Alikuwa na kichwa kigumu, lakini macho yalikuwa mekundu, na hiyo kazi, mbali na mdogo wangu, ndiyo kitu pekee alichokipenda.

Alhamisi niliitwa kama shahidi wa usafi wa vyombo. Niliivalia gauni langu la kijani. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, na nyuma yake Profesa katikati, kulia bwana mmoja wa utumishi ambaye tayari alikuwa anasinzia, kushoto yule mama mtahini. Na mezani, wallahi sitii chumvi, birika la chai na jagi la maziwa.

Walikuwa wanachunguza yalikokwenda maziwa, na kila mmoja ana kikombe.

Profesa alisoma tuhuma kwa sauti nzuri. Alisema katika miaka kumi na mmoja ya kufundisha mada hii hajawahi kuona maziwa yakihitajika, na kwamba kuandika neno "kemikali" kwenye kopo la chakula ni ujanja wa kitoto. Akamgeukia shemeji.

"Una la kusema?"

"Hapana, Profesa."

Nilitaka kumfinya. Nilikuwa mbali.

Mtahini alikuwa anaandika. Bila kuinua kichwa akauliza, "Profesa, hatua ya tatu kwenye slaidi yako ni ipi?"

"Kuzuia."

"Mnazuia kwa kutumia nini?"

"Kwa bafa ya kuzuia."

"Ndani yake kuna nini?"

Profesa alichukua kikombe akanywa. Funda refu. Bwana wa utumishi aliamka kwa sababu ya ukimya.

"Kuna... vizuizi," akasema Profesa.

Sijawahi kuona mtu akizama vile bila maji. Mtahini aliweka kalamu chini, akamwuliza shemeji moja kwa moja, "Fundi, kuna nini?" Na shemeji, angalia kichwa kile, alimtazama Profesa kwanza. Kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya mwisho ya kujibu. Profesa alikuwa anasoma chini ya kikombe.

Basi shemeji akavuta pumzi. "Mheshimiwa, mtu akielezwa anasahau," alisema. "Nina tando mbili za akiba kwenye friji, za siku ileile ya mtihani. Naomba mnipe muda wa saa tatu na nusu. Na naomba hilo jagi."

"Jagi gani?" akauliza bwana wa utumishi, na kulivuta kwake.

"Hilo hilo."

Walihamia maabara wote, kamati nzima, na vikombe vyao. Utando mmoja aliuweka kwenye maji ya chumvi matupu. Wa pili aliuweka kwenye maziwa ya jagi, aliyoyatia chumvi kidogo. Jagi likaisha. Akaweka saa ya kengele, akakaa kwenye kigoda, akawaambia sasa ni kungoja.

Nimeona mengi, lakini burudani ile sijaipata tena. Watu watatu wakubwa wamekaa kwenye viti virefu vya wanafunzi, miguu inaning'inia, wanakunywa chai ya rangi, wanatazama trei inayotikisika. Bwana wa utumishi aliuliza mara mbili kama hakuna maziwa mengine. Ndipo mtahini, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza muda, akamwuliza katibu aliyekuwa amesimama mlangoni:

"Haya ya jagi yalitoka wapi, binti?"

Katibu aliangalia sakafu. "Kwenye kopo la Mzee, mama. Yale ya mwisho nilikuwa nimeyahifadhi kwenye chupa ya jemu. Bosi aliniambia nichukue."

Profesa alikiweka kikombe chake polepole kwenye meza ya kazi, karibu na trei, na shemeji akakisogeza mbali na trei.

Kingamwili waliingia, wakasuuzwa, wakaja wengine wa kubeba rangi, wakasuuzwa. Alipomimina dawa ya mwisho kila mtu alisimama. Wa maji ulianza kuchafuka mara moja, kona hii, kona ile, mpaka ukawa kahawia wote, ndugu wa zile nane za mtihani. Wa maziwa ulibaki mweupe. Ulibaki mweupe muda mrefu hata mimi nikaanza kuomba. Kisha katikati, chini kidogo, ukatokea mstari mmoja.

"Yai," alisema shemeji.

Mtahini aliushika kwa kibano akauinua kwenye mwanga. Alitabasamu, na nikaona kumbe ana mwanya. "Mtihani urudiwe," akasema. "Na fundi huyu ndiye atakayewasimamia. Sitaki mwingine."

Ungetegemea mtu aombwe radhi. Thubutu. Ripoti ya kamati ilisema kulikuwa na upungufu wa mawasiliano. Tuhuma zikafutwa, na bila aibu wakampa shemeji barua ya onyo kwa kosa la kuhifadhi chakula ndani ya maabara. Nilisema aichane. Mdogo wangu alisema aichome. Yeye aliitoboa matundu mawili akaiweka kwenye faili, kwa tarehe yake, kama mtu anayehifadhi matokeo ya jaribio lililoshindikana. Kazi yake alibaki nayo, na hilo ndilo alilokuwa anataka.

Mtihani ulirudiwa Jumanne iliyofuata. Kopo jipya, na ufunguo wa akiba sasa ulikuwa kwenye mfuko wa gauni langu. Makundi yote manane yalikuwa kwenye maziwa, trei zinatikisika, shemeji anapita meza kwa meza. Mlango ukafunguliwa akaingia Profesa. Bila slaidi. Hakuzima taa. Alisimama nyuma ya yule binti wa leso, ambaye alikuwa anamwuliza shemeji kitu kuhusu kusuuza, akakohoa.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa nini ni saa nzima? Nusu saa haitoshi?"

Lilikuwa swali zuri. Nilijua ni zuri kwa sababu na mimi niliwahi kuliuliza. Shemeji hakugeuka.

"Subiri kidogo, Profesa. Huyu binti alikuwa mbele yako."

Nikafunga bomba la sinki ili nisikie vizuri. Profesa alitazama mlango. Alitazama saa ya ukutani. Kisha akavuta kigoda, akakaa nyuma ya binti, akangoja zamu yake. Dakika nane. Na shemeji hakupunguza hata moja.